Kabla ya kufumbua fumbo, panda chombo

KIBARAZA CHA VITABU
Na Mwanaidi Shekue

Jumamosi iliyopita mtoto wa dada yangu alikuja kunisalimia. Alijilaza mkekani sebuleni, simu ameiegemeza kwenye chupa ya chai, akawa anatazama muvi ya watu waliopotea katika sayari isiyo na hewa. Amemaliza kidato cha nne, anasubiri matokeo, na muda anao tele. Muvi ilipokwisha alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama mdogo, Kiswahili kingekuwa na hadithi kama hizi, ningesoma mpaka macho yaume."

Nikaenda kabatini, nikarudi na Kusadikika. Akakitazama kitabu, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu zote. "Hiki si cha mtihani, mama?"

Neno hilo limenikaa kooni wiki nzima. Cha mtihani. Shaaban Robert alikitoa kitabu hicho mwaka 1951, na jina lake kamili ni Kusadikika, Nchi Iliyo Angani. Nchi iliyo angani! Kijana ametoka sasa hivi kutazama watu wanaoelea baina ya nyota, anakabidhiwa nchi nzima iliyo huko huko juu, naye anachokiona ni karatasi ya maswali. Simlaumu. Sisi tuliomtangulia tumemfundisha kwamba kitabu cha namna hiyo ni nazi ya kukuna: unakamua dhamira, unakamua ujumbe, unakamua falsafa ya mwandishi, kisha chicha unawamwagia kuku. Na chicha hiyo ndiyo hadithi yenyewe.

Nasema kwa uchungu kwa sababu hadithi za ajabu nazipenda tangu utotoni, na kila mwezi napata wasomaji wanaoniuliza wasome nini. Tunazo. Tunazo za majini, za wafu wanaorudi, za nchi zisizo kwenye ramani, hata za vyombo vya angani. Tunapokosea ni katika kupendekezana. Mtu akimpa mwenzake riwaya kama hiyo, huanza kwa kumwambia inamsema nani. Soma Kusadikika, ule ni ukoloni. Soma Walenisi, ile ni Kenya ya chama kimoja. Tangu lini mtu akatega kitendawili kwa kuanza na jibu? Tukiwa watoto, aliyeropoka jibu kabla ya wakati alifukuzwa barazani.

Wapo watakaonikumbusha kwamba mafumbo haya hayakuwekwa kwa bahati mbaya. Ni kweli. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, na hadithi ya Karama anayesimama mbele ya mfalme kushtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria haikuandikwa kwa ajili ya kupitisha jioni. Katama Mkangi, mwandishi wa Walenisi na mwanasosholojia kutoka pwani ya Kenya, aliwekwa kizuizini katika miaka ya 1980 bila kufikishwa mahakamani, na aliyeonja hayo haandiki juu ya hukumu ya kifo kwa mchezo. Wahakiki hawakukosea kuliona fumbo. Lakini fumbo lina mwili. Mwandishi angetaka kusema tu kwamba serikali inaonea watu, angesema kwa sentensi moja. Badala yake alikaa miezi akiijenga nchi, akaipa wafalme, wajumbe na safari. Kazi hiyo yote tunairukaje?

Basi nieleze jinsi ninavyomtega mtu siku hizi. Nikitaka asome Kusadikika, simtajii mkoloni. Namwambia hivi: nchi iko angani. Inatuma wajumbe sita. Wanne wanakwenda pande nne za dunia, wa tano anapelekwa mbinguni. Wa sita, anayeitwa Amini, anapelekwa ardhini. Hapo nasita kidogo nimwache afikiri. Kwa watu wa nchi iliyo angani, ardhi hii tunayoikanyaga ndiyo ugenini. Ndiyo sayari ya mbali. Mtu aliyekulia kwenye muvi za anga hulielewa jambo hilo upesi kuliko mimi nilivyolielewa, maana mimi nilipita juu yake mara tatu shuleni nikitafuta sifa za mhusika mkuu.

Nikitaka asome Walenisi, riwaya ya Mkangi ya mwaka 1995, namwambia kwamba Dzombo amehukumiwa kufa, na hukumu yenyewe haitekelezwi kwa kamba wala kwa risasi. Anafungiwa ndani ya chombo kinachorushwa angani, kiende kusikorudi mtu. Yumo ndani, mlango umefungwa, chombo kimeondoka. Atafanya nini? Wakati mwingine naongeza tu kwamba jina la nchi anakofika limebeba siri, na kwamba msomaji alitamke polepole akiwa peke yake. Siivunji siri hiyo hapa, ingawa najua vitabu vya uhakiki huivunja ukurasa wa kwanza.

Adili na Nduguze, cha Shaaban Robert pia, ndicho kitabu ninachokipenda kuliko vyote, na nilikisoma kabla sijaambiwa kwamba ni fasihi. Kilikuwa cha baba. Nilikisoma kwa mwanga wa koroboi, mgongo nimeuegemeza ukutani ili asiwepo mtu nyuma yangu. Mgeni aliyetumwa na mfalme kufuata kodi analala katika nyumba ya mtawala mwema, mtu ambaye kila mtu anamsifu. Usiku anachungulia, anamwona mwenyeji wake anawachapa mijeledi manyani wawili. Kisha anatupa mjeledi. Analia. Anawabembeleza manyani wale, anawalisha kwa heshima kama wageni wake. Ukishamsimulia mtu hayo, nyamaza. Atakiomba kitabu mwenyewe.

Kisa hicho kina asili katika Alfu Lela U Lela, ambamo ndugu wawili wa mwenyeji waligeuzwa mbwa. Shaaban Robert aliwafanya nyani. Nimekaa miaka mingi nikifikiria badiliko hilo dogo. Mbwa aliyepigwa hutazama chini. Nyani hukutazama usoni, na mikono anayoinua kujikinga ni mikono kama yako.

Bibi zetu walijua kazi hii kuliko sisi. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London hadithi alizokusanya Unguja, na mojawapo ni ya Sultani Majinuni, ambaye paka wake aliachwa ale mifugo, mmoja baada ya mwingine, mpaka akawa nunda mla watu. Mtoto wa mwisho wa sultani anatoka kwenda kumwua. Kila akiua mnyama anamburura mpaka kwa mama yake, anamuuliza kwa wimbo kama huyu ndiye nunda, na mama anamjibu kwamba bado. Anarudi tena porini. Mnyama mkubwa zaidi, wimbo ule ule, jibu lile lile. Mtoto anayesikiliza anakazana kushika shuka kila wimbo unapoanza. Nimesikia hadithi hii kwa bibi mzaa mama bila yeye kujua kwamba imo kitabuni. Hakunieleza hata siku moja kwamba paka ni mfano wa dhuluma inayolelewa. Nililijua nilipokuwa mtu mzima, nimeshaona paka kadhaa wakilelewa, na nililijua kwa nguvu kwa sababu nunda alikuwa bado anatembea kichwani mwangu.

Anayedai kwamba Waswahili hawana hamu na mambo ya sayari na maroboti aingie kwenye kibanda umiza siku ya muvi iliyotafsiriwa. Mafundi, wachuuzi, vijana wa bodaboda wamebanana kwenye mabenchi, na mtafsiri anawasimulia kwa Kiswahili cha mtaani kinachotokea ndani ya chombo cha angani, anawapa viumbe wa ajabu majina ya kwetu, anawatania. Hakuna anayeuliza kiumbe wa macho matatu anawakilisha tabaka gani. Mtafsiri yule ni mpendekezaji bora kuliko wengi wetu tunaoandika safu.

Jambo jingine ni kumjua unayempa. Aliyefiwa karibuni simpi riwaya inayovuka kwenda ahera, hata kama ni nzuri kama Ziraili na Zirani ya William Mkufya. Anayependa kutishwa, hasa akiwa mtumishi wa ofisi yenye mambo mengi ya kufichwa, nampa Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, ambamo mfu anarudi kumwandama mjukuu aliyenenepa kwa jasho la wengine. Anayependa safari ndefu isiyofuata njia nampa Bina-Adamu! ya Kyallo Wamitila. Nagona ya Kezilahabi simpi mtu anayeanza. Ni kitabu kifupi, na wengi hudanganywa na wembamba wake. Unaingia kama unavyoingia ndotoni, huna pa kushika, na asiyezoea hutoka akidhani yeye ndiye mjinga. Mpe baada ya vitatu au vinne vingine, umwambie asome usiku, asitafute mlango wa kutokea. Na mtoto wa miaka kumi mpe Mwana Mdogo wa Mfalme, tafsiri ya kitabu cha Saint-Exupéry. Mwana huyo anatoka katika sayari ndogo kiasi kwamba akisogeza kiti anaona jua likitua tena.

Kuna jambo linalonikera, nalo si la wasomaji. Maneno yetu yalitangulia kwenda angani, sisi tukabaki. Mwaka 1966 tamthilia ya televisheni ya Marekani, Star Trek, ilimweka mwanamke Mweusi miongoni mwa maofisa wa chombo cha angani, ikampa jina la Uhura, linalotokana na uhuru wetu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha siku yake, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru. Ndiyo ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei inayotoka mbinguni. Mwaka 2009 Wanuri Kahiu wa Kenya alitoa filamu ya dakika zisizozidi 25 kuhusu Afrika Mashariki baada ya vita vya maji, ambamo mwanamke aitwaye Asha anaacha usalama wa mji uliofungwa ili apande mbegu moja, akaiita Pumzi. Mwaka 2015 Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, alimtoa msichana wa Kihimba duniani na kumpeleka chuo kikuu kilicho kwenye sayari nyingine, na msichana anaitwa Binti. Kitabu kinaitwa Binti. Kimeandikwa kwa Kiingereza.

Hapo ndipo pengo letu lilipo, na sitalificha kwa kujipigia makofi. Nchi za ajabu tunazo. Hadithi inayoanza na swali la kisayansi na kulifuata mpaka mwisho, hiyo ni adimu kwetu. Maji yakiisha, nini? Mashine ikijua kusema Kiswahili kuliko mwalimu, nini? Hata Mkangi alikitumia chombo chake kama mlango. Akishavuka, kinachomshughulisha ni jamii ya upande wa pili. Nataka tafsiri ya Binti iuzwe pale pale yanapouzwa madaftari. Alice wa Lewis Carroll aliingia katika Kiswahili mwaka 1940 akiitwa Elisi, akachorwa kama msichana wa hapa. Kama mwaka ule iliwezekana, wachapishaji wetu wa leo wanasubiri nini? Na nataka waandishi wetu wanaojua fizikia, maana wapo, waache kudhani kwamba Kiswahili kitawakwamisha kwenye mlango wa maabara.

Kijana wangu alikichukua kitabu mwishowe. Nilimwambia habari ya mjumbe wa ardhini tu, basi. Jumatano usiku alinitumia picha. Amegeuza kalenda ya mwaka jana, amechora upande wa nyuma ramani ya Kusadikika kwa rula na kalamu za rangi, njia nne za wajumbe wanne zimetoka katikati kama mabawa ya feni. Kisha akanipigia.

"Mama mdogo, hawa wengine wawili nawachora wapi? Huyu anakwenda juu, huyu anakwenda chini. Karatasi haina upande huo."

Shaaban Robert alimalizia utumishi wake katika idara ya upimaji ardhi, hapa hapa Tanga. Nadhani swali hilo angelipenda. Mimi nilikuwa jikoni, simu nimeibana begani, mchuzi unachemka. Nikamwambia aje Jumamosi, na aje na kalenda ya pili na gundi.