Dawa Tarajiwa Bado si Dawa

Wahenga walituonya tusimshonee kanzu mtoto aliye tumboni. Mkulima wa kahawa wa Karurumo, katika Kaunti ya Embu, anaufahamu vyema wosia huo. Maua meupe yanapoifunika mibuni baada ya mvua, hayauzi, kwani anajua kwamba kati ya ua na tunda lililoiva kuna miezi mingi ya ukame, wadudu na maradhi. Hata hivyo, mkulima uyo huyo leo anaweza kununua, kwa simu yake ya mkononi, hisa za kampuni ya Marekani inayotarajia kutengeneza tiba ya kingamwili. Hapo ndipo anapouziwa maua kwa bei ya kahawa, na muuzaji hutumia lugha.

Ni bayana kuwa sayansi yenyewe si uzushi. Kingamwili ni protini zinazoundwa na mwili ili kuvitambua na kuvikabili viini vya maradhi. Dawa ya sumu ya nyoka hutokana na kingamwili za wanyama kama farasi. Mwaka 1975, Köhler na Milstein walivumbua njia ya kuunda kingamwili za aina moja kwa wingi, na mwaka 1984 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel. Hapa Kenya, kingamwili ya kuzuia malaria imefanyiwa majaribio kwa watoto huko Siaya. Tatizo huzuka pale habari za maabara zinapofika sokoni zikiwa zimepoteza tahadhari yake.

Mwaka 2020, bei ya hisa za kampuni ya CytoDyn ilipaa kwa matumaini kuwa kingamwili yake, leronlimab, ingetibu UVIKO-19. Mei 2021, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilieleza hadharani kwamba matokeo ya majaribio hayakuonyesha manufaa hayo. Desemba 2024, aliyekuwa afisa mkuu mtendaji wa kampuni hiyo alipatikana na hatia ya kuwalaghai wawekezaji.

Kenya nayo ina kumbukumbu yake. Mwaka 1990, Rais Daniel arap Moi aliitangaza Kemron, iliyotokana na utafiti wa KEMRI, kuwa tiba ya UKIMWI. Haikuwa kingamwili, ilikuwa interferoni, protini nyingine ya kinga. Wagonjwa walifunga safari hata kutoka ng'ambo kuifuata. Majaribio ya baadaye, yakiwemo yaliyofanywa Uganda, hayakuthibitisha kuwa inafaa. Waliopoteza hapo hawakuwa wenye hisa, bali wagonjwa waliowekeza muda wao wa kuishi.

Swali linalozuka ni hili: haya yanamhusu vipi mwanafunzi wa Kiswahili? Yanamhusu kwa sababu matukio yote mawili yalihusu kauli. Kiswahili kimejaliwa viambishi vinavyotenganisha waziwazi "imetibu", "itatibu" na "ingetibu". Mlanguzi huishi katika pengo lililo kati ya viambishi hivyo. Aidha, neno "dawa" lenyewe tayari limeshahukumu kuwa kitu kinaponya. Kukiita "dawa mpya" kitu ambacho kingali kinajaribiwa ni kumwita mchumba mke kabla ya posa kupokelewa. Afadhali kiitwe "dawa tarajiwa" hadi majaribio yatakapokamilika.

Yamkini wapo watakaodai kuwa bila wawekezaji jasiri utafiti ungekwama, kwa kuwa majaribio hugharimu fedha nyingi. Dai hilo lina uzito. Mtaji unaowekwa kwa kujua hatari ni halali. Lakini anayeambiwa kuwa ananunua tiba, ilhali ananunua uwezekano, amechezeshwa pata potea bila kujua kuwa yumo mchezoni.

Kwa hivyo, idara za Kiswahili zisiwaachie madaktari na madalali peke yao kazi ya kufasiri habari hizi. Tasnifu za istilahi na tafsiri zishughulikie awamu za majaribio, kundi linganishi na hatari ya hisa, kisha matokeo yake yafike redioni na magazetini. Msikilizaji apewe lugha ya kuuliza maswali matatu: imejaribiwa kwa watu wangapi, ikilinganishwa na nini, na anayeisifu ana hisa ngapi? Lugha isiyoweza kuuliza hayo itabaki kutangaza bidhaa za wengine.