Kazi ya Kuzisoma Herufi za Vijidudu

Daktari atakaye kumtibu mgonjwa wa kifua kikuu hana budi kujua ni dawa ipi ingali na nguvu juu ya vijidudu vilivyomo kifuani mwa mgonjwa huyo. Njia ya zamani ni kuviotesha maabarani pamoja na dawa na kungoja. Navyo hukua polepole mno, hata jibu huchukua majuma kadhaa. Kwa muda huo mgonjwa aweza kuwa anameza dawa isiyomfaa, huku akiwaambukiza watoto wake nyumbani au wenzake wa kambini.

Siku hizi iko njia nyingine. Kila kijidudu kina maagizo ya urithi, yaitwayo jenomu, yaliyoandikwa kwa herufi nne tu za kikemia. Jenomu ya kijidudu cha kifua kikuu ilisomwa yote mwaka 1998, ikaonekana kuwa na herufi zipatazo milioni 4.4. Herufi moja ikibadilika mahali fulani katika jeni iitwayo rpoB, dawa ya rifampisini haifai tena.

Wanaozichambua herufi hizo huitwa wataalamu wa bioinfomatiki, na chombo chao cha kazi ni kompyuta. Huipa jenomu za vijidudu maelfu pamoja na majibu ya maabara: hiki kilikufa kwa dawa, kile hakikufa. Kompyuta hujifunza alama za usugu, kisha hutabiri habari za kijidudu kipya. Orodha ya alama hizo iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 ilitokana na sampuli zaidi ya 52,000.

Lakini kompyuta huona mambo yanayofuatana tu, sababu yake haiijui. Kijidudu kilichoishinda rifampisini aghalabu kimeishinda na isoniazidi, kwani dawa hizo humezwa pamoja. Basi kompyuta yaweza kuidhania alama ya dawa moja kuwa ni ya nyingine. Tena vijidudu vya ukoo mmoja hufanana, ikaweza kuushutumu ukoo mzima. Ni kama mpelelezi amkamataye mtu kwa kuwa alionekana karibu na mwizi. Kwa hiyo mtaalamu mwangalifu huijaribu kwa vijidudu vya koo ambazo haijapata kuziona.

Uangalifu huo una maana kubwa. Katika uchunguzi wa mwaka 2009 hadi 2010 nchini Eswatini, wakati ule ikiitwa Swaziland, karibu 3 katika kila 10 ya vijidudu sugu kwa dawa hizo mbili vilikuwa na badiliko la rpoB lililo nje ya sehemu inayotazamwa na kipimo cha haraka cha Xpert MTB/RIF. Mgonjwa wa namna hiyo angeambiwa kuwa rifampisini yamfaa, kumbe haimfai.

Wa nyumbani nao wana sehemu yao. Dawa zikikatizwa kwa kuwa kikohozi kimepungua, vijidudu vilivyobaki hupata nafasi ya kuwa sugu. Yafaa basi mke, mume au mzazi ahakikishe kuwa mgonjwa amemeza dawa zake hadi siku aliyoagizwa na daktari.