Ua la Siku Moja

Yako maua ambayo mtu akiyakata na kuyatia chomboni hukaa juma zima. Hili tunalotaka kuwasimulia leo si la namna hiyo. Hufunguka alfajiri, hung'aa mchana kutwa, na usiku limekwisha kunyauka. Kesho yake jingine huchanua juu ya shina lile lile, na keshokutwa jingine tena, hata majuma matatu au manne yapite. Ndiyo sababu mtaalamu Linnaeus wa Sweden, mwaka 1753, aliliandika kwa jina la Hemerocallis, lililotokana na maneno mawili ya Kiyunani, yaani siku na uzuri. Sisi tutaliita yungiyungi la siku moja, ingawa kwa kweli si yungiyungi. Yungiyungi hutoka katika kitunguu, na hili lina mizizi minene tu, na majani marefu kama upanga yaotayo kwa mafungu.

Asili yake ni China, Korea na Japani. Wachina, watu wasiopoteza kitu, huyakausha matumba yake, huyaita sindano za dhahabu, na kuyatia katika mchuzi. Katika karne ya 16 ua hilo lilikuwa limekwisha kufika Ulaya, na baadaye wahamiaji walilichukua hata Marekani. Leo laota huko kando ya barabara, lenye rangi ya chungwa, bila kulimwa na mtu. Hapo ndipo fumbo linapoanza: ua hilo la barabarani limeenea nchi kubwa hivyo, na halizai mbegu.

Sisi wa mashariki ya Kongo hatuna haja ya kustaajabu sana. Nani kati yetu amepata kupanda mbegu ya mgomba? Twachukua chipukizi, twalihamisha, basi. Tena jambo la ajabu ni kwamba hata hesabu ni moja. Ndani ya kila chembe ya mmea mna vijiuzi viitwavyo kromosomu, vichukuavyo urithi wa wazazi. Yungiyungi la kawaida lina 22, yaani 11 za baba na 11 za mama. Lile la barabarani lina 33, na migomba iliyo mingi katika mashamba yetu ina 33 vilevile. Thelathini na tatu haigawanyiki katika mafungu mawili yaliyo sawa, kwa hiyo mbegu haziumbiki vema. Mmea waishi, waenea, lakini kila mtoto ni mama yule yule. Na jambo hilo si mchezo. Mnyauko wa migomba ulipoonekana katika Kivu ya Kaskazini mwaka 2001, wakulima waliona aina zote walizozilima zikiambukizwa. Nguvu ya kuushinda ugonjwa huo wataalamu waliikuta katika mgomba-mwitu mmoja, Musa balbisiana, ambao matunda yake yamejaa mbegu ngumu.

Basi, atakaye jambo jipya hana budi kurudi kwenye mbegu. Wa kwanza kulifanya hilo kwa ua letu, tena twalisema kwa furaha, alikuwa mwalimu wa shule. Jina lake George Yeld, alifundisha mjini York, Uingereza. Alichukua chavua, ule unga wa manjano wa ua moja, akautia katika ua la aina nyingine, akapanda mbegu zilizopatikana. Aina yake iliyoitwa 'Apricot' ilitambuliwa na wakulima wa maua mwaka 1893. Kumbukeni kwamba siku hizo hata kazi ya mtawa Gregor Mendel juu ya urithi wa njegere, iliyochapishwa mwaka 1866, ilikuwa imesahauliwa, ikafufuliwa mwaka 1900 tu. Yeld alifanya kwa macho na subira, bila kanuni yoyote mkononi.

Fumbo la ua la barabarani lilishikwa barabara na Mmarekani, Arlow Burdette Stout, aliyeingia kazini katika Bustani ya Mimea ya New York mwaka 1911. Huyo aligundua kwamba lile ua tasa, ingawa haliwezi kujizalia lenyewe, chavua yake mara chache huzalisha ikitiwa katika ua la aina nyingine. Tena alikuwa na rafiki, Albert Steward, aliyefundisha katika chuo cha Nanking na kumpelekea mimea ya China isiyojulikana ng'ambo, mmojawapo wenye ua la waridi. Hapo kabla mayungiyungi haya yalikuwa ya manjano na ya chungwa tu. Stout alichanganya, akapanda, akachagua, akachanganya tena wajukuu na vitukuu, hata mwaka 1934 akaonyesha ua lililoitwa 'Theron', lenye rangi ya damu ya mzee. Aina hiyo haikutoka katika jumba kubwa la biashara. Iliuzwa na kitalu cha Farr, huko Pennsylvania. Yasemekana Stout alichavusha maua zaidi ya elfu hamsini maishani mwake, na aina alizoziona zastahili kupewa jina hazikufika mia.

Na hiyo ndiyo sura ya kazi hii hata leo katika vitalu vidogo, ambavyo mara nyingi ni vya mtu na mkewe. Asubuhi, umande ukikauka, mwenye kitalu hukata uzi wa kiume wenye chavua, akaigusisha kwenye ncha ya kijiti cha kike cha ua jingine. Hufunga kikaratasi: jina la mama kwanza, la baba baadaye. Asipokifunga, kazi yote ni bure, maana baada ya siku mbili hatakumbuka. Kijumba cha mbegu huvimba, na baada ya majuma sita, manane au zaidi hupasuka na kuonyesha mbegu nyeusi zing'aazo kama jicho la ndege. Hupandwa. Mwaka wa pili au wa tatu miche huchanua mara ya kwanza, na hapo ndipo penye uchungu: katika miche elfu moja, mia tisa na zaidi hung'olewa na kutupwa.

Watu wengi wadhani kwamba hutupwa iliyo na sura mbaya. Sivyo. Mingi ni mizuri, lakini imezidiwa. Hutazamwa kama shina lina matumba ya kutosha, kwa kuwa ua la siku moja lisilo na ndugu wa kesho lina faida gani? Hutazamwa kama ua hufunguka sawasawa baada ya usiku wa baridi, kama wekundu hauyeyuki kwa jua la adhuhuri. Uliobakia hungojewa miaka mingine mitatu, minne, hata fungu moja lizae mafungu ya kuuza. Mbegu zake haziwezi kutumiwa, maana hazimfuati mama. Lazima kugawanya mizizi, kama sisi na migomba yetu.

Iko na njia nyingine, ya maabara. Mwaka 1937 ilijulikana kwamba dawa ya kolkisini, iliyo sumu kali, yaweza kuziongeza kromosomu za mmea mara mbili. Kule Chicago, Orville Fay na Robert Griesbach, huyu wa pili mwalimu wa Chuo Kikuu cha DePaul, waliitia kwa miche ya yungiyungi, wakapata mimea yenye kromosomu 44, mashina ya nguvu na maua mazito. Miche mingi ilikufa.

Siku hizi aina zilizoandikishwa zapita laki moja. Tukisema kweli, hatuamini kwamba macho ya mwanadamu yaweza kuzipambanua zote, na yale maua mapya yenye pindo la kukunjwakunjwa kama gauni la arusi hayatupendezi sana. Kwa upande wetu twampa sifa Walter Jablonski wa jimbo la Indiana, ambaye mwaka 1975 aliandikisha ua dogo la manjano, 'Stella de Oro'. Wengine walitafuta ukubwa. Yeye alipata mmea mfupi usiochoka kuchanua kiangazi chote. Mwaka 1985 ulipewa medali iliyo kubwa kupita zote za maua hayo, ile yenye jina la Stout.

Fungu moja la aina mpya laweza kuuzwa dola mia au zaidi, kwa sababu liko chache na kazi yake ilikuwa ya miaka saba au minane. Aliyelinunua huligawanya, akampa jirani. Jirani naye hugawanya. Mwaka hata mwaka bei hushuka, na mwisho watu wa mtaa mzima hupeana bure, wengi wao bila kulijua jina lake.