Kalamu Isisimame kwa Dakika Kumi



Juma hili nataka kuzungumza nanyi habari ya daftari na kalamu. Msiseme, "Hayo ni mambo ya watoto wa shule." Ngojeni kwanza niwasimulie yaliyonipata mimi mwenyewe, mtu mzima mwenye wajukuu.

Miaka mitatu sikusemezana na kaka yangu. Sisi twakaa kwenye mteremko wa Kilimanjaro, na vihamba vyetu vyapakana. Kaka alipanda masale mapya, nami nikaona ameingia upande wangu hatua mbili. Ninyi mnaotoka kwetu mwajua kwamba masale ndiyo mpaka, na anayeyagusa amegusa urithi. Tukagombana, kisha tukanyamaziana. Kanisani yeye alikaa kulia, mimi kushoto, na padre alipotualika kutakiana amani, nilimgeukia jirani mwingine. Kila usiku nilichunguza dhamiri yangu, na kila usiku nilipata jibu lile lile: kosa ni la kaka.

Mwanangu ni mwalimu wa sekondari. Likizo moja alinikuta nikinung'unika juu ya masale. Akaniletea daftari, akasema, "Baba, andika maneno haya: Kinachoniuma hasa ni. Kisha endelea kwa dakika kumi. Kalamu isisimame. Usifute, usirudi nyuma kusoma. Ukikosa la kuandika, andika kwamba huna la kuandika, mpaka neno jingine lije. Mimi sitasoma." Akatega kengele ya simu, akatoka nje.

Nikaandika kwa hasira. Niliandika masale, nikaandika hatua mbili, nikaandika na idadi ya migomba yangu iliyobaki upande wake. Zikapita kama dakika tano, maneno yakaniishia. Nikaandika "sina la kuandika" mara mbili. Mara ya tatu kalamu ikaleta neno jingine: "Hakuniita usiku ule mama alipokuwa akifa."

Niliyatazama maneno yale kana kwamba yameandikwa na mtu mwingine. Mama alifia nyumbani kwa kaka, nami nililetewa habari asubuhi, mama amekwisha kufunikwa. Jambo hilo sikuwa nimemtamkia mke wangu, wala padre, kwa maana mimi mwenyewe sikujua kwamba bado nalibeba.

Nilimwuliza mwanangu ameyatoa wapi mazoezi haya. Akanieleza kwamba alikuwako mwalimu mmoja wa Marekani, jina lake Peter Elbow, aliyeyaeneza kwa kitabu chake cha mwaka 1973. Aliwafaa wale ambao wakishika kalamu tu hukauka mawazo. Aliwaambia waandike kwa muda uliopimwa, bila kusimama na bila kusahihisha. Kusahihisha kuna wakati wake baadaye. Wengine huanza na karatasi tupu, wengine hupewa swali au maneno machache ya kuanzia, kama nilivyopewa mimi.

Basi kwa nini kalamu itoe jambo ambalo kinywa kilificha? Si uganga. Ndani ya kila mmoja wetu yumo wakili. Tukisema na watu, au tukiandika barua, yeye husimama mlangoni akichagua: hili lipite, hili lisipite, hili lipambwe kwanza. Nilipochunguza dhamiri yangu kila usiku, kumbe aliyekuwa akijibu ni wakili wangu. Lakini kalamu ikienda mfululizo, wakili hapati nafasi ya kusimama. Na zile dakika zenye mwisho hutia moyo, maana hata mwoga aweza kuvumilia dakika kumi.

Tena tusidhani kwamba kuandika mambo ya moyo ni ugeni kwa Wakristu. Mtakatifu Inyasi wa Loyola alijeruhiwa mguu vitani huko Pamplona mwaka 1521. Alipokuwa kitandani akaanza kuyaangalia mawazo yake, yapi humwacha na furaha na yapi humwacha mkavu, naye alijaza daftari kubwa kwa yale aliyoyanakili katika maisha ya Kristu na ya watakatifu. Angelo Roncalli, ndiye Papa Yohane XXIII, alianza kuandika daftari la roho yake mwaka 1895, akiwa kijana wa miaka 14 seminarini, akaendelea hata uzeeni. Mwaka huo huo wa 1895, Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu aliagizwa na dada yake, aliyekuwa mkuu wa monasteri ya Lisieux, aandike kumbukumbu za utoto wake. Hakupewa ofisi. Aliandika katika daftari la shule, katika nafasi ndogo alizopata baada ya kazi. Mwaka 1897, alipokuwa mgonjwa sana, masista walimkatiza mara kwa mara, naye akaendelea. Mwishoni hakuweza kushika kalamu ya wino, akamalizia kwa penseli. Hawa hawakutega kengele, lakini walijua kwamba roho hujifahamu vizuri zaidi ikijisomea.

Hata wataalamu wamelipima jambo hili. Mwaka 1986 mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake walitangaza habari za wanafunzi wa chuo kimoja cha Marekani walioandika dakika 15 kila siku kwa siku nne. Wengine waliandika mambo ya kawaida tu, wengine waliandika mambo yaliyowaumiza sana maishani. Wale walioandika kisa pamoja na uchungu wake walitoka na huzuni siku zile, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kwa daktari mara chache kuliko wenzao. Si dawa ya kila ugonjwa. Lakini twaona kwamba mzigo uliofichwa huchosha hata mwili.

Basi, mkitaka kujaribu nyumbani, fanyeni hivi. Chagueni wakati wa utulivu, labda baada ya sala za jioni. Tegeni dakika kumi. Hata kitochi kina kengele. Kila mmoja ashike daftari lake, achague maneno ya kuanzia. Mama aweza kuanza: "Jambo ninaloogopa kumwambia mume wangu ni." Baba aanze: "Baba yangu hakuniambia kamwe kwamba." Kijana aanze: "Watu hudhani mimi ni, lakini." Aliyefiwa aanze: "Kama ungekuwa hai, leo ningekuambia." Asiye na huzuni aanze: "Leo namshukuru Mungu kwa." Msijali tahajia, wala mwandiko mzuri. Na bibi asiyejua kuandika aseme polepole, mjukuu amwandikie. Hapo wote wawili watafaidika.

Lakini zipo sheria nne, na zishikeni sana.

Ya kwanza, daftari la mtu ni siri yake. Mume asifungue la mke, wala mzazi la mtoto. Siku mtakapoibiana maneno, ndiyo siku wakili atakaporudi mlangoni.

Ya pili, yaliyoandikwa kwa dakika kumi si barua, wala si ujumbe wa simu. Msiyapeleke kwa mtu. Yalaleni usingizi, myasome kesho; mengine mtayachoma moto, na hiyo ni halali.

Ya tatu, daftari si kiti cha maungamo. Laweza kukuonyesha dhambi, haliwezi kukuondolea. Ukiisha kuiona, mwendee padre.

Ya nne, likija jambo zito mno, la kupigwa, la kunajisiwa, au la kutaka kujiua, weka kalamu chini. Usibaki nalo peke yako usiku. Mwendee mtu unayemwamini, nenda kituo cha afya, mweleze na padre.

Sasa mwataka kujua mwisho wa habari yangu. Daftari lile nilikaa nalo majuma mawili. Bwana wetu ametuagiza tupatane kwanza na ndugu, ndipo tulete sadaka altareni, nami nilikuwa nimeileta sadaka yangu miaka mitatu nikipita mbele ya kaka. Jumamosi moja nikachuma jani la sale, maana kwetu jani hilo hilo la mpaka ndilo la kuombea msamaha. Nikamkuta akikatia ng'ombe majani. Sikutaja hatua mbili. Nilimwambia, "Kaka, uliniacha nje mama alipokuwa akifa."

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Nilidhani atafika asubuhi. Nilitaka ulale." Akalipokea jani.

Masale yake bado yapo pale pale alipoyapanda, nasi tutakaa mbele ya wazee kuumaliza mpaka. Huenda mimi ndiye niliyekosea kuhesabu hatua. Lakini Jumapili iliyofuata, wakati wa kutakiana amani, nilivuka kutoka kushoto kwenda kulia, na watu wakatupisha.

Basi ndugu zangu, kabla ya kusema "kosa ni la fulani," tafuteni kwanza daftari na dakika kumi. Anzeni na maneno haya: Kinachoniuma hasa ni. Kalamu isisimame.

Kwaherini mpaka juma lijalo.