Kishikwambi Darasani: Nani Atamsikia Mtoto Akisoma?

Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, Serikali iliamua kuwagawia walimu vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa sensa. Ulikuwa uamuzi wa busara, kwani vifaa hivyo vingeweza kuozea maghalani. Hata hivyo, kwa kata kama Nyahanga, mjini Kahama, bado lipo swali la ufundishaji wenyewe: kifaa kimoja mkononi mwa mwalimu kinamfaa nini mtoto wa darasa la kwanza anayejifunza kusoma?

Kahama ni mji uliokuzwa na dhahabu na biashara. Mgodi wa Buzwagi ulisitisha uzalishaji mwaka 2021, lakini Bulyanhulu na machimbo ya wachimbaji wadogo yangali yakivuta familia. Wazazi huhama kufuata machimbo mapya, na watoto hukatizwa masomo katikati ya muhula. Wengi wao nyumbani huzungumza Kisukuma, lugha isiyo na sauti ya “r”. Mtoto huona neno “kura” akasoma “kula”, wala hajui kwamba amekosea.

Hapo ndipo ufundishaji wa moja kwa moja unapohitajika. Mwalimu hutamka silabi, darasa zima huitamka pamoja naye, kisha kila mtoto huisoma peke yake na kusahihishwa papo hapo. Kishikwambi hurahisisha hatua ya kwanza kwa picha na sauti safi. Hatua ya tatu ndiyo ngumu. Katika darasa la watoto 90, kumsikiliza kila mmoja kwa dakika moja tu humaliza vipindi vitatu vya nusu saa.

Wapo watakaotaja mafanikio ya Tanga. Ni kweli, katika shindano la Global Learning XPRIZE, watoto wapatao 2,700 wa vijiji 170 walitumia vishikwambi kwa miezi 15, wengi wao wakiwa hawajawahi kukaa darasani. Wengi walijifunza kusoma maneno ya Kiswahili, na mwaka 2019 programu za onebillion na Kitkit School zikagawana zawadi ya dola milioni 10. Lakini kila mtoto alikuwa na kishikwambi chake, na vijijini kulikuwa na vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua. Anayetaka kuyahamishia matokeo hayo katika darasa lenye kifaa kimoja anafanya hesabu isiyolingana.

Mfano wa Kenya unatukaribia zaidi. Mpango wa Tusome, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2015, uliwapa watoto vitabu, kila mmoja chake, na walimu ukawapa miongozo ya kila somo. Vishikwambi walikabidhiwa maofisa wanaozitembelea shule, ili wamwone mwalimu akifundisha, wapime usomaji wa watoto wachache, kisha wamshauri mwalimu siku hiyohiyo. Usomaji uliimarika, ingawa watoto hawakugusa kioo chochote.

Kwetu ofisa wa namna hiyo yupo tayari: Ofisa Elimu Kata, ambaye mwaka 2018 wenzake wengi nchini waligawiwa pikipiki kwa ajili ya ziara za shuleni. Ziara hizo zikiishia kukagua maandalio ya masomo na kitabu cha mahudhurio, kama inavyotokea mara nyingi, mtoto anayesoma “kula” badala ya “kura” hatagunduliwa mpaka afike darasa la nne na mtihani wake wa taifa.

Mwalimu naye anaweza kuanza bila kusubiri mradi wowote. Kishikwambi kinarekodi sauti. Watoto watano wasome kila siku, aya moja kila mmoja, na mwalimu azisikilize sauti zao baada ya vipindi akiandika kando ya kila jina silabi zinazomshinda mtoto. Kwa siku 18 za masomo, wote 90 watakuwa wamesikilizwa. Rekodi hizo ni za mwalimu na mzazi pekee. Zisionekane kwenye makundi ya WhatsApp.