Kabla Hujatuma Boksi, Uliza Nani Anamchotea Maji Mzazi

Wiki mbili zilizopita fundi mmoja wa plasta alinifuata ofisini hapa Hatta, simu mkononi, meno yote nje. Mkewe kajifungua salama, mtoto wa kike. Nikampongeza. Kisha akanionyesha orodha aliyoiandika kwenye simu: kigari cha kusukuma, kitanda cha mtoto chenye neti, kile kigari cha kujifunzia kutembea, chupa sita za maziwa, katoni tatu za pampas, nguo za mwaka mzima, midoli.

"Mhasibu, Jumapili nashuka Dragon Mart. Nipigie hesabu, kwenye akiba yangu nichomoe ngapi?"

Nikamuuliza swali moja tu: "Kaka, kule nyumbani nani anamchotea maji mzazi?"

Akanyamaza. Halafu akasema, "Nadhani anajichotea mwenyewe. Mdogo wake alikuwepo, lakini karudi shule."

Naandika haya kwa ajili yake, na kwa kila mmoja wetu huku Ughaibuni ambaye nyumbani kwake kuna mama aliyejifungua au anayetarajia. Msimamo wangu ni huu: mzazi anahitaji vitu vichache sana na msaada mwingi sana. Sisi tunafanya kinyume. Tunatuma vitu vingi, msaada tunasahau.

Nilivyokosea mimi

Sisemi haya kwa sababu nina digrii ya biashara. Nasema kwa sababu nimeshaungua. Mwaka 2019 mke wangu alijifungua mtoto wetu wa kwanza, Tanga, kwa upasuaji. Mimi nilikuwa hapa. Nilijisikia vibaya kuwa mbali, na ile hali ya kujisikia vibaya nikaipeleka dukani. Nilinunua vitu vya dirham 900, nikalipa kago dirham 440. Jumla dirham 1,340. Ninayo bado kwenye daftari langu.

Boksi lilikwenda kwa meli. Lilipofika mtoto alikuwa ameshapita miezi miwili na viatu vyote havikumwingia. Kigari cha kusukuma kilikwama kwenye mchanga wa uani siku ya kwanza, kikageuzwa cha kuwekea vyombo. Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba siku ya kumi na mbili baada ya upasuaji mke wangu alikuwa anabeba ndoo kutoka bomba la jirani, kwa sababu mama yangu aliumwa na hapakuwa na mtu mwingine. Kidonda kikafunguka. Akarudi hospitali, akalazwa, gharama nyingine.

Hakunilaumu. Aliniambia tu kwenye simu, "Boksi lako zuri, lakini nilikuwa nahitaji mtu." Maneno hayo sijayasahau mpaka leo.

Madamu ana nini hasa?

Nawajua dada zetu wanaofanya kazi za ndani, wengi wanalea watoto wa wenyewe. Dada, wewe unaingia kila siku kwenye kile chumba cha mtoto: kabati limejaa, taa za rangi, mashine ya kuchemshia chupa, kiti cha kubembea chenyewe. Mwisho unaanza kuamini kwamba huko ndiko kumpenda mtoto, na kwamba wa kwako aliyelala kwenye mkeka na khanga amepunjwa.

Hebu tazama tena kile chumba kwa jicho la mhasibu. Kitu cha thamani kuliko vyote mle ndani ni wewe. Ni wewe unayefua, unayeamka usiku, unayembeba mtoto ili mama yake apate kulala. Mtoto yule ukimtolea midoli yote ataendelea kukua vizuri. Mtolee dada wa kazi siku tatu tu, nyumba nzima italia.

Kwa hiyo ukitaka kumpa mzazi wa nyumbani kitu alichonacho madamu, usimpelekee kiti cha kubembea. Mpelekee mikono.

Na hapa hesabu iko upande wetu. Dirham imefungwa kwa dola, 3.6725 kwa dola moja, tangu mwaka 1997. Ukiitumia hapa kununua plastiki, unapata plastiki ya bei ya hapa, na kago juu yake. Ukiituma nyumbani kulipa kazi ya mtu, inafanya kazi kubwa zaidi.

Mtoto wetu wa pili alizaliwa 2022. Safari hii hakukuwa na boksi. Dirham moja ilikuwa kama shilingi 630 za Tanzania, na tulitumia hivi:

Mama wa jirani kuja kila siku kwa arobaini nzima, kuchota maji, kufua, kupika na kumkanda mzazi kwa maji ya moto: shilingi 120,000.

Chakula cha mzazi, yaani uji wa pilipili manga, samaki, maharage, mboga, matunda, kuku mara moja kwa wiki: 150,000.

Nauli za kliniki na dawa ndogondogo: 60,000.

Vitu vya mtoto vilivyonunuliwa palepale Tanga: 70,000.

Jumla 400,000, karibu dirham 635. Haifiki nusu ya boksi la 2019. Dirham 705 zilizobaki hazikwenda popote, zilikaa akiba. Na mke wangu alimaliza arobaini amenenepa, anacheka. Bei za kwenu zitakuwa tofauti, lakini fanya hesabu yako utaona mwelekeo ni uleule.

Vitu gani vinatosha

Mtoto mchanga hana mahitaji mengi. Nguo sita au nane, na hata hizo si lazima ziwe mpya. Mitumba ya watoto ya Karume, Gikomba au Kongowea mara nyingi haijavaliwa hata miezi mitatu, maana mtoto hukua akaiacha. Chemsha, anika juani, piga pasi, maisha yanaendelea. Hata nguo za watoto wa dada na shangazi zinafaa. Zamani nguo moja ilipita kwa watoto watano na hakuna aliyeona aibu.

Mbeleko inafanya kazi ya kigari, na mama anabaki na mikono yake miwili. Khanga pea tatu: moja mbeleko, moja shuka, moja ya kumfunika. Beseni moja la kuogea na la pili la kufulia. Chandarua chenye dawa, hiki usikiruke kabisa. Mito laini na midoli ya kujaza kitandani usitume, wataalamu wanashauri mtoto mchanga alale mahali tambarare pasipo na vitu hivyo. Na kile kigari cha kujifunzia kutembea, Canada walipiga marufuku kukiuza tangu 2004 kwa sababu watoto walikuwa wanaporomoka nacho kwenye ngazi. Sisi ndiyo tunakilipia kago.

Maziwa ya kopo nayo hujaza mabegi yetu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama tu kwa miezi sita ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka miwili au zaidi. Ziwa la mama halina kago, halihitaji chupa wala maji ya kuchemsha. Linahitaji mama aliyekula akashiba na akapumzika. Pesa ya kopo iwe pesa ya samaki. Lakini kama mama ana tatizo la kunyonyesha na kliniki imeelekeza maziwa mengine, hapo si anasa tena, ni dawa. Nunua bila kusita.

Pampas, na hesabu iliyofichwa

Hapa nataka tuwe wakweli, maana ndipo wanaume tunapojifanya wajanja.

Mtoto akitumia pampas sita kwa siku, kwa mwaka ni 2,190. Zidisha kwa bei ya dukani kwenu uone. Na zikishatumika ziende wapi? Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, Tanzania ikafuata Juni 2019, lakini pampas nazo zina plastiki ndani na bado zipo. Mitaa mingi ya kwetu gari la taka halipiti. Zinatupwa shimoni, zinachomwa moshi ukaingia ndani, au zinajaza choo. Nepi za kitambaa dazeni mbili zinamfaa mtoto huyu na mdogo wake atakayekuja.

Kwa hiyo utasikia ushauri mwepesi: acheni pampas, tumieni vitambaa, mtaokoa pesa na mazingira. Ni kweli, lakini nani anafua? Kwetu nepi zilikula ndoo tatu za maji kwa siku. Kama bomba liko ndani na msaidizi yupo, vizuri. Kama maji yananunuliwa kwa dumu au yanachotwa mbali, na mzazi ana kidonda, basi hujaokoa kitu. Umeihamisha gharama kutoka mfukoni mwako kwenda mgongoni kwa mkeo. Kwenye vitabu vya hesabu hiyo tunaiita gharama iliyofichwa, na siku ikijitokeza huwa imekua.

Sisi tuliamua nusu kwa nusu: vitambaa mchana, pampas usiku na siku ya safari. Matumizi yakapungua nusu, mama akalala. Ila uamuzi awe nao yeye anayefua. Wewe uliye Hatta hufui, kwa hiyo usitoe amri.

Maisha ya vitu vichache ni mazuri, lakini yasiwe jina jipya la kumbania mwanamke. Punguza vitu, usipunguze chakula. Punguza mapambo, usipunguze msaidizi.

Pesa ianze kabla ya mtoto

Wengi wetu hapa Hatta tunaujua ule mradi wa umeme wa maji wa DEWA kule bwawani, megawati 250. Kazi yake ni rahisi kuielewa: umeme wa jua ukiwa mwingi, maji yanapandishwa bwawa la juu, umeme ukihitajika, yanateremshwa. Mimba nayo inakupa miezi ya kupandisha maji. Ukiweka dirham 100 kila mwezi kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tisa, una 700. Arobaini imeshalipwa kabla mtoto hajalia.

Mambo manne ya kushika:

Kwanza, hospitali kabla ya chochote. Ndugu wa Kenya, hakikisheni michango ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, imelipwa mapema. Wengine tengeni akiba ya dharura ya uzazi isiyoguswa, hata kama unatarajia ajifungue kawaida.

Pili, msipeleke vijisenti kila siku mbili. Kila ukituma unalipa ada, na juu ya ada kuna VAT asilimia 5. Tuma mara moja kwa mwezi.

Tatu, pesa ya msaidizi mlipe msaidizi moja kwa moja kwenye simu yake. Ukiichanganya na ya chakula, wageni wa kumwona mtoto wataimaliza kwa soda.

Nne, kilichobaki kiingie akiba ya mtoto siku hiyohiyo, kabla hakijakuzoea.

Dada unayerudi kazini ukamwacha mtoto kwa bibi, haya yanakuhusu zaidi. Bibi yule sasa ndiye mzazi, na umri umekwenda. Mtafutie binti wa kumsaidia kazi kabla hujamtafutia mtoto kigari.

Watu watasema

Watasema. "Mumewe yuko Dubai, mtoto kavaa mtumba." Mama mkwe atauliza boksi liko wapi. Najua inauma, maana boksi linaonekana na picha yake inatumwa kwenye kundi la familia. Ndoo ambayo mzazi hakuibeba haipigwi picha.

Lakini waliosema mwaka 2019 hawakuja kubeba ndoo, na hospitali hawakuchangia. Mtoto wangu wa pili hakumbuki alivaa nini, wala wa kwanza hakumbuki viatu ambavyo havikumwingia. Mama yao anakumbuka yote mawili.

Yule fundi wa plasta Jumapili hakwenda Dragon Mart. Alikaa kambini, akapiga simu tatu, akampata shangazi wa mkewe aliyekubali kuja kukaa mwezi mmoja kwa nauli, chakula na kitu kidogo cha asante. Alinunua kitu kimoja tu, khanga pea mbili, akampa mwenzake anayekwenda likizo amfikishie. Akiba yake imepungua kidogo sana.

Na wewe, kabla hujachukua kalamu kuandika orodha, piga simu. Usiulize mtoto anataka nini. Uliza nani kachota maji leo, nani kafua, na mzazi kala nini mchana. Majibu hayo ndiyo orodha yako.