NGUVU ZA MWILI NA CHAKULA CHA ZIWANI

Mjini Homa Bay, kama ilivyo katika miji mingi ya Kenya, wako vijana wapendao kuinua vyuma ili wapate miili ya tambo. Asiye na fedha za kununua vyuma hujaza saruji katika makopo mawili, akayaunganisha kwa bomba, na kazi ikaendelea. Hilo ni jambo jema. Lakini wengi huamini ya kwamba misuli haikui bila unga wa kopo utokao ng'ambo, ambao bei yake ni kubwa, na wengine hushawishika hata kutumia dawa. Yafaa vijana wa namna hiyo wajue walivyofanya watu wa zamani.

Steve Reeves wa Marekani alipata taji la Mr. America mwaka 1947. Reg Park, Mwingereza ambaye baadaye alihamia Johannesburg, alipata taji la Mr. Universe kwa mara ya kwanza mwaka 1951. Mambo hayo yalitokea kabla ya vidonge vya Dianabol kuanza kuuzwa Marekani mwaka 1958.

Njia yao ilikuwa rahisi kueleweka, ingawa si rahisi kutenda. Reeves aliuzoeza mwili mzima siku tatu tu kwa juma, na siku za katikati alipumzika, kwa kuwa misuli hujengeka wakati wa mapumziko. Mazoezi makubwa yalikuwa machache: kuchuchumaa na kuinuka na uzito mabegani, kuinua uzito kutoka chini, kulala chali na kuusukuma juu kutoka kifuani, na kujivuta kwenye boriti. Park alifundisha kuinua mara tano, kwa awamu tano: mbili za kwanza kwa uzito mdogo ili mwili upate joto, na tatu za mwisho kwa uzito mmoja mkubwa. Mtu akiziweza zote tatu barabara, ndipo huongeza uzito kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Anayeongeza kwa pupa huumia mgongo.

Kwa habari ya chakula, watu hao walikula nyama, mayai na maziwa kwa wingi. Kijana wa Homa Bay asikate tamaa kwa kuwa nyama ni ghali. Mtu mwenye uzito wa kilo 60 anayeinua vyuma hutoshelezwa na gramu kama 100 za protini kwa siku, nayo protini ndiyo ijengayo mwili. Omena iliyokaushwa vizuri, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Basi gramu 100 za omena humpa nusu ya haja yake, na mifupa yake midogo, ambayo huliwa pamoja na nyama yake, humpa chokaa ya kuimarisha mifupa. Akiongeza mayai mawili, sahani ya maharagwe au nyoyo, nusu lita ya maziwa na ugali wake wa kila siku, hesabu imetimia. Omena ioshwe sana kwa maji ya moto ili mchanga utoke.

Hata hivyo, si kila desturi ya zamani ifuatwe. Wengi walikunywa mayai mabichi wakidhani yana nguvu zaidi. Uchunguzi uliofanywa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba mwili hupata karibu nusu tu ya protini ya yai bichi, bali ya yai lililopikwa hupata kama sehemu tisa katika kumi. Yai na lipikwe.

Ama dawa za kukuza misuli, zile za kumeza na zile za sindano, mtu mwenye akili ajihadhari nazo. Huweza kudhuru moyo na ini, na kumpunguzia mwanamume uwezo wa kuzaa. Kifua kipana hakimfai kitu mtu aliyepoteza afya yake.

Sehemu kubwa ya omena ivuliwayo ziwani husagwa kuwa chakula cha kuku na mifugo. Si vema kuku wa mbali wanenepe kwa omena ya Mbita na Sindo, huku kijana wa huko huko akiidharau na kumaliza mshahara wake kwa kopo la unga.